Kabro tisa, rangi tatu: mbona ni 246 na si 768

Kijana mmoja wa Kasarani ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo:

"Mwalimu habari. Likizo hii niko na mjomba kwa mjengo, tunapanga kabro, yale matofali ya kutandika njia. Mteja anataka njia ya kutoka geti hadi mlangoni, upana kabro tatu za mraba, urefu mistari kumi, rangi ni nyekundu, kijivu na manjano, na ameshikilia ati kabro mbili zinazogusana ubavu zisiwe rangi moja. Tukabishana. Kwa kipande cha tatu kwa tatu tu, kuna njia ngapi za kupanga? Mimi nilisema 768, juu ya kwanza iko na rangi 3 na zile zingine nane kila moja iko na 2. Mjomba akasema 48. Binamu yangu anayesomea kompyuta akaandika programu kwa simu ikatoa 246 lakini hawezi eleza. Nani alipe soda? Na hio njia yote ya mistari kumi ni ngapi?"

Soda mnalipa wawili, wewe na mjomba. 246 ndo jibu. Lakini binamu naye asijisifu sana, juu kupewa namba na simu bila kujua imetoka wapi ni kama kupewa chenji na makanga usiku stima zikiwa zimepotea, inaweza kuwa sawa na inaweza kuwa umechezwa, utajuaje.

Hio 768 yako usiione ujinga. Mimi mwenyewe nilipoanza kufundisha niliandika kitu kama hicho ubaoni, darasa zima likanakili, nikageuka nipanguse chaki mikononi, msichana wa kiti cha nyuma akauliza polepole, "mwalimu, na hii ya katikati inagusana na ngapi?" Nikaangalia ubao. Nikaangalia saa. Kengele ilikuwa bado sana.

Sasa chukua vifuniko vya soda kama vile wazee wa stejini wanachezea drafti, rangi tatu, upange vinne tu, viwili juu viwili chini. Cha kwanza juu kushoto una rangi 3, tuseme umeweka nyekundu. Cha kulia kwake kiko na 2, kijivu ama manjano. Cha chini yake pia 2. Hapo bado tuko pamoja. Shida ni kile cha nne, kile cha kona ya chini kulia, kwa sababu kinagusana na wawili kwa mpigo. Kama hao wawili ni kijivu na kijivu, kimekatazwa rangi moja tu, kimebaki na 2. Kama mmoja ni kijivu na mwingine manjano, kimekatazwa mbili, kimebaki na nyekundu peke yake. Wewe ulichukulia kila mara ni 2 ndo ukaenda juu sana, mjomba akachukulia kila mara ni 1 (najua ndo alifanya hivo, juu 3 mara 2 mara 2 mara 2 mara 2 halafu moja moja ndo 48) akaanguka chini sana. Ukweli uko hapo katikati na unategemea kilichotokea nyuma: mara mbili majirani wanafanana, mara mbili wanatofautiana, kwa hivo ni 3 mara (2×2 ongeza 2×1), yaani 3 mara 6, ni 18. Sio 24 yako na sio 12 ya mjomba.

Kwa hizo nne ni rahisi. Kwa tisa watu wengi wanaendelea kabro kwa kabro, "kama hii ni hivi na ile ni vile", wakifika ya sita wameshapotea na chai imepoa. Kuna ujanja wa tatu kwa tatu ambao napenda sana, anza katikati. Kabro ya katikati ina rangi 3, tuseme ni nyekundu. Zile nne zinazoigusa, juu, kulia, chini, kushoto, haziwezi kuwa nyekundu, kwa hivo kila moja ni kijivu ama manjano, na zenyewe kwa zenyewe hazigusani, ziko huru, njia 16. Zimebaki kona nne, na kila kona inagusana na mbili za hizo nne. Zikifanana, kona iko na 2. Zikitofautiana, kona iko na 1, ambayo ni lazima nyekundu. Basi zunguka. Nne zote zikiwa rangi moja, hizo ni njia 2, kila kona ina 2, ni 16 kila moja, jumla 32. Moja ikiwa tofauti na tatu, njia 8, kona mbili zina 2 na mbili zina 1, ni 4 kila moja, jumla 32 tena. Mbili mbili na za rangi moja zinafuatana, njia 4, kila moja 4, jumla 16. Mbili mbili na zinapishana, njia 2, kona zote zimefungwa, jumla 2. Ongeza: 32 na 32 na 16 na 2 ni 82. Mara 3 ya katikati, 246. Umeona, hata simu haikuhitajika, na hii mjomba anaweza kuifuata akiwa amechutama hapo mchangani na kijiti.

Lakini huo ujanja unaishia tatu kwa tatu. Ukiongeza mstari wa nne hakuna tena kabro moja ya katikati inayoshika zingine, na wewe unataka mistari kumi, kabro 30. Hapa ndo penye utamu wenyewe.

Fikiria vile mjomba anapanga kwa kweli. Hapangi kabro moja leo moja kesho, anaweka mstari mzima, anagonga na nyundo ya mpira, anasonga nyuma, anaweka mwingine. Akiwa anaweka mstari wa saba, mstari wa tatu unamhusu nini? Haumhusu hata kidogo. Anaangalia ule wa sita peke yake. Yote yaliyotokea kabla yamefungwa ndani ya huo mstari mmoja, na ukijua hilo umemaliza nusu ya kazi, juu sasa hauhesabu picha nzima, unahesabu ni picha ngapi zinaishia na mstari wa aina gani, halafu unasukuma mbele.

Mistari ya kabro tatu iko 12, 3 mara 2 mara 2, hapo hesabu yako ya kwanza ilikuwa sawa kabisa juu kwa mstari mmoja kila kabro inagusana na moja tu ya nyuma yake. Na hizo 12 hauhitaji kuzibeba zote. Ziko za aina mbili tu. Kuna ile ncha mbili zinafanana, kama nyekundu kijivu nyekundu, nitaita pacha. Na kuna ile rangi tatu zote ziko, kama nyekundu kijivu manjano, nitaita bendera. Pacha ziko 6, bendera ziko 6. Rangi zenyewe zikibadilishana majina hakuna kinachobadilika kwa hesabu, sheria ya mteja haijui nyekundu ni nini, inajua tu sawa ama tofauti, kwa hivo pacha yoyote inajifanya kama pacha nyingine yoyote.

Tuandike N, K na M. Chini ya pacha NKN unaweza weka nini? Wa kwanza ni K ama M, wa katikati ni N ama M, wa mwisho ni K ama M. Katikati ikiwa N, pembeni uko huru: KNK, MNM, KNM, MNK. Katikati ikiwa M, pembeni ni lazima K zote mbili: KMK. Zimeisha, ni tano, tatu pacha na mbili bendera. Chini ya bendera NKM: wa kwanza K ama M, wa katikati N ama M, wa mwisho N ama K. Katikati N inakupa KNK na MNK. Katikati M inakupa KMK na KMN. Nne, mbili pacha na mbili bendera. Tafadhali usiamini tu juu nimeandika mimi, andika hizo tisa kwa karatasi, ni dakika mbili, na hapo ndo watu hukosea, mtu anasahau KMK kisha anakuja kulia hesabu imekataa.

Basi sheria yote ni hii: pacha mpya ni 3 mara pacha za jana ongeza 2 mara bendera za jana, na bendera mpya ni 2 mara pacha za jana ongeza 2 mara bendera za jana. Anza na 6 na 6. Mstari wa pili unakuwa pacha 30, bendera 24, jumla 54. Mstari wa tatu, pacha 138, bendera 108, jumla 246. Hio hapo! Ile ile tuliyopata kwa kuzunguka kona, na tumekuja na barabara tofauti kabisa, ndo maana sasa naweza kuapa kwa hio namba. Mtu akikupa hesabu ya kuhesabu, itafute kwa njia mbili, zikikutana lala usingizi. Mstari wa nne, pacha 630, bendera 492, jumla 1,122.

Ukitaka kwa Eksel fungua safu mbili, weka 6 na 6 juu, andika hizo fomula mbili kwa mstari wa pili, vuta chini na panya. Ama uache hata hizo safu mbili, juu kuna njia fupi zaidi: jumla ya leo ni 5 mara jumla ya jana toa 2 mara jumla ya juzi. Jaribu, 5×54 ni 270, toa 24, ni 246. 5×246 ni 1,230, toa 108, ni 1,122. Inatoka kwa zile namba nne za sheria, ziandike 3 na 2 juu, 2 na 2 chini: ile 5 ni 3 ongeza 2 za mshazari, na ile 2 ni 3×2 toa 2×2. Endelea hivo: 5,118, halafu 23,346, halafu 106,494, halafu 485,778, halafu 2,215,902, na mstari wa kumi ni 10,107,954. Milioni kumi na kitu. Njia yako ya kwanza ingekupa 3 mara 2 ikizidishwa mara 29, ambayo ni 1,610,612,736, bilioni moja na zaidi, kwa hivo kosa dogo la kabro ya nne, likirudiwa kila kona, limekupeleka karibu mara 160 ya ukweli. Kwa kabro 30 tu, bana.

Hii ya upana wa tatu pia ni swali watu hupewa kwa mahojiano ya kazi za programu, na mistari ikiwa elfu kadhaa wanakuambia utoe baki ya kugawanya kwa 1,000,000,007 juu namba yenyewe haiingii mahali. Binamu yako akiwa anatafuta kazi mwambie ajue pacha na bendera, asiende kule na ile programu ya kujaribu kila kitu. Kwa tisa inajaribu 19,683 na inamaliza kabla upepese macho, kwa 30 ni zaidi ya trilioni 205, simu itachemka hadi uchome nayo mahindi.

Uliuliza njia nzima, sikukusikia ukiuliza fomula lakini najua utauliza. Gawanya jumla ya mstari wa kumi kwa ya tisa utapata kama 4.5616. Ni 5 ongeza kipeuo cha pili cha 17, yote gawa kwa 2. Kila mstari mpya unazidisha njia kwa hio namba, karibu hivo, na kadiri unavyoenda mbali ndo inakuwa sawa zaidi. Nashangaa kila mwaka mbona 17 iko hapo, unapanga kabro Kasarani halafu kipeuo cha 17 kinakungoja kwa geti.

Sasa mteja akibadilisha akili aseme upana uwe kumi? Aina za mistari zinaongezeka haraka. Mstari wa upana wa kumi uko na njia 1,536, na wa ishirini uko na 1,572,864, na kila mmoja lazima uulizwe ni ipi inaweza kukaa chini yake. Hapo watu wanaacha kusukuma mstari mzima, wanasukuma kabro moja moja, lakini wanakumbuka ule ukingo wote uliovunjika, kipande cha mstari mpya na kipande cha wa zamani, juu kabro inayokuja itagusana na hizo tu. Ni wazo lile lile: beba kile kitaulizwa mbele, hizo zingine tupa. Kwa tatu kwa tatu haina faida, kwa kumi kwa kumi ndo inaokoa siku. Nne kwa nne, kama unataka kujipima, ni 7,812, na tano kwa tano ni 580,986.

Na kuna kitu kizuri kwa huo upana. Njia ya kabro moja upana, kila kabro mpya inazidisha kwa 2. Ya mbili upana kila mstari unazidisha kwa 3, kwa hivo kwa kabro moja ni kipeuo cha pili cha 3, kama 1.732. Ya tatu ni 1.658. Ya nne ni kama 1.625. Unaona uhuru wa kila kabro unapungua, wengi wamebanwa na majirani, kama mtu ametoka ploti ya pembeni akahamia katikati ya mtaa. Inashuka hadi wapi? Mwaka wa 1967 Elliott Lieb, mwanafizikia wa Marekani, alipata jibu kamili, ni 4 gawa kwa 3, yote ikiinuliwa kwa kipeo cha moja na nusu, karibu 1.5396. Na hakuwa anafikiria rangi kwanza, alikuwa anafikiria barafu! Barafu ya kubuni iliyolala bapa, kila oksijeni kwa njia panda ya mishale minne, miwili inaingia miwili inatoka. Linus Pauling, mwanakemia, mwaka wa 1935 alikuwa amekadiria kwa akili tu kwamba ni 1.5, na hakuwa mbali.

Kabro na barafu zimekutana vipi? Ziite rangi zako 0, 1, 2, zikizunguka kama saa, baada ya 2 ni 0. Ukitoka kabro moja kwenda ya jirani, rangi haiwezi baki, kwa hivo inapanda moja ama inashuka moja. Sasa simama pale kona nne zinakutana, uzunguke kabro nne hadi urudi ulipoanza. Hatua nne, na lazima urudi rangi ile ile. Kupanda nne kunakuacha mbele kwa 1, kupanda tatu na kushuka moja kunakuacha mbele kwa 2, haurudi. Inabaki mbili kupanda na mbili kushuka peke yake. Miwili ndani, miwili nje. Hio ndo sheria ya barafu, iko chini ya viatu vya mteja na hajui. Ukiongeza rangi ya nne huo uchawi unaisha, na hakuna mtu ana namba kamili ya aina hio kwa sakafu isiyo na mwisho. Tatu kwa tatu bado tunaiweza, kwa ule ujanja wa katikati utapata 9,612, ijaribu mwenyewe, kona sasa ni 3 zikifanana na 2 zikitofautiana.

Nimebakisha kitu kimoja kabla mjomba akuambie mwalimu wako hajui mjengo. Atasema picha ukiitazama kutoka geti na ukiitazama kutoka mlangoni ni kazi ile ile, kwani mnahesabu mara mbili? Ako na haki kuuliza. Kwa tatu kwa tatu, zile zinazobaki zile zile ukizigeuza kichwa chini ni 30, kwa hivo za kweli ni 246 ongeza 30 gawa kwa 2, ni 138. (Hio 138 imegongana tu na pacha za mstari wa tatu, usianze kutafuta maana.) Kwa njia yake ya mistari kumi nilianza kuhesabu zinazobaki zile zile, nikachora mistari miwili ya kati, wa tano na wa sita. Ukigeuza, kabro ya katikati ya mstari wa tano inakaa pahali pa kabro ya katikati ya mstari wa sita. Picha ikibaki ile ile, hizo mbili ni rangi moja. Na zinagusana ubavu. Mteja amekataa. Kwa hivo hakuna hata moja, zote ziko mbili mbili, na mjomba akitaka hesabu yake ni nusu kamili: 5,053,977.